Kiti cha Mbunge ni cha Nani? Mazungumzo juu ya safari ya mbunge mmoja wa Tunduma



Tumeombwa na Kamati ya Haki na Amani tuseme neno juu ya kazi ya mbunge. Neno hilo lingeweza kusemwa kwa kufungua Katiba na kusoma ibara moja baada ya nyingine, kisha tukarudi nyumbani tumechoka, tusijue zaidi ya tulivyojua asubuhi. Tumeona ni afadhali kumfuata mtu mmoja, tangu alipoingia Bungeni hadi alipokuwa Naibu Waziri, tukiangalia kila hatua yake ilituhusu nini sisi wapiga kura, waliompa na waliomnyima. Mtu huyo ni Mheshimiwa David Ernest Silinde. Mambo tutakayoyataja yamo katika kumbukumbu za umma, na wengi wenu mnayajua. Hatukuja kumsifu, wala hatukuja kumteta mtu asiyekuwapo. Dhamiri yake ni yake na Mungu wake. Kiti alichokalia, hata hivyo, ni jambo letu sote, na juu ya kiti twaweza kuzungumza bila kumvunjia mtu heshima.

Kwanza tuondoe utata wa neno. Sisi katika Kanisa tukisema “jimbo” twamaanisha eneo la Askofu, na Jimbo letu la Mbeya, ambalo tangu Desemba 2018 ni Jimbo Kuu, linavuka mipaka ya wilaya na mikoa. Serikali ikisema “jimbo” yamaanisha eneo linalomchagua mbunge mmoja. Leo tutatumia neno hilo kwa maana ya pili. Twalisema hili kwa sababu katika semina moja mzee wetu mmoja alishangaa kusikia kwamba jimbo limegawanywa mara mbili, akauliza kama Baba Askofu alikwisha kuarifiwa.

Wale wenye mvi wanakumbuka uchaguzi wa chama kimoja. Tangu mwaka 1965 chama kiliteua wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na mwananchi akachagua kati yao. Mlango ulikuwa mwembamba, maana wote wawili walitoka katika chama kile kile. Hata hivyo wananchi waliutumia. Katika uchaguzi ule wa 1965 Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa katika jimbo lake, na Mwalimu Nyerere akayapokea matokeo. Twalitaja hili mapema ili tusidhani kwamba uwezo wa mwananchi wa kumwambia mbunge “pumzika” ulianza mwaka 1992, vyama vingi viliporudishwa. Tena tusidhani kwamba wingi wa vyama pekee umeuongeza uwezo huo. Pengine, kama tutakavyoona, umeuhamishia mahali pengine.

Katika miaka ya kwanza ya vyama vingi jimbo la Mbozi Magharibi, lililokuwa na Tunduma ndani yake pamoja na nchi yote ya Momba hadi bondeni Kamsamba, lilikuwa mikononi mwa Chama cha Mapinduzi. Mwaka 2010 likageuka. Katika mkoa wote wa Mbeya wa wakati ule, Chadema ilipata majimbo mawili tu. Moja lilikuwa Mbeya Mjini, alikoshinda msanii Joseph Mbilinyi, na la pili Mbozi Magharibi, alikoshinda Silinde, kijana aliyekuwa bado katika miaka yake ya ishirini. Mbeya Mjini ni mji mkubwa, na miji mikubwa ilikuwa imeanza kuelekea upinzani. Mbozi Magharibi ilikuwa na mji mmoja wa mpakani na vijiji vingi vya wakulima wa mahindi, alizeti na ufuta. Kwamba vijiji hivyo vilimtuma kijana wa upinzani Dodoma, ni habari iliyowashtua wengi.

Tunduma ni mji wa njia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa, reli ya TAZARA inapita hapa, na barabara ya lami ya kwenda Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani, inaanzia hapa. Mji unakula kwa foleni ya malori. Anayeuza chai, anayebadilisha kwacha, mwenye nyumba ya wageni, kijana wa kubeba mizigo, wakala wa forodha, wote wanaishi kwa kinachopita. Watu wa namna hiyo wanaijua serikali kwa sura yake ya kila siku, yaani ushuru, kizuizi, leseni, askari. Wakimtafuta mbunge, wanatafuta mtu wa kuuliza. Kwa nini lori linakaa siku tano? Kwa nini mama mwenye ndoo ya nyanya anatozwa mara mbili? Kuuliza ndiyo kazi waliyompa.

Na Katiba inakubaliana nao. Ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na miongoni mwa njia zilizotajwa, ya kwanza ni kumwuliza Waziri swali. Haisemi kwamba mbunge ajenge daraja. Twalikumbuka daraja la mto Momba, pale Kamsamba, linalounganisha mkoa wetu na Rukwa. Kwa miaka mingi mto huo uligharimu maisha ya watu na mali zao, na lilipojengwa kila mwanasiasa alilitaja kuwa lake. Ukweli ni kwamba lilijengwa kwa fedha za Serikali, ambazo ni kodi zetu. Mbunge alichoweza kufanya ni kusimama Bungeni mwaka baada ya mwaka na kuuliza liko wapi. Hilo si dogo. Lakini tukimpa sifa ya kulijenga, kesho tutamlaumu kwa kutojenga jingine, na kati ya sifa na lawama hizo mbili hakuna atakayekumbuka kuuliza bajeti ilipita vipi.

Tuseme pia juu ya sehemu yetu sisi wenyewe, maana kamati ya haki na amani isiyojitazama inakuwa kamati ya kusengenya. Mbunge akifika parokiani, tunampangia nini? Harambee. Msiba ukitokea, kadi ya mchango inampata Dodoma kabla marehemu hajazikwa. Timu ya mpira inataka jezi, kwaya inataka kinanda, nasi mapadre twataka mabati. Mkono mtupu haulambwi, wanasema watu, na mbunge anayejua hivyo hujifunza haraka kwamba bahasha inakumbukwa kuliko swali. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilifuta vifungu vya sheria vilivyoruhusu ile iliyoitwa takrima wakati wa kampeni, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Takrima ya kampeni ikakatazwa. Takrima ya miaka mitano, tunayoidai sisi wenyewe, hakuna mahakama iliyoifikia. Mwishoni mwa mwaka 2011 nchi ilipokasirika kusikia posho ya kikao cha Bunge imepandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000, ilikuwa haki kukasirika. Lakini baadhi ya waliokasirika walikuwa na kadi za michango mifukoni, zenye jina la mbunge.

Turudi kwenye safari yetu. Mwaka 2014 wabunge wote waliingia kwa nafasi zao katika Bunge Maalum la Katiba. Mezani kulikuwa na rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyotokana na maoni ya wananchi, na ndani yake mlikuwa na mambo matatu yanayotuhusu leo: kwamba mbunge asikae zaidi ya vipindi vitatu, kwamba wapiga kura waweze kumwondoa mbunge kabla ya kipindi kwisha, na kwamba mtu aweze kugombea bila chama. Aprili 2014 wajumbe wa upinzani waliojiita Ukawa walitoka ukumbini. Waliobaki wakaendelea, na Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa Oktoba 2014 haikuwa na ukomo wa vipindi wala haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge wao. Ni jambo la kibinadamu. Wabunge walioulizwa kama wanataka kuwekewa mlango wa kutokea waliona hauhitajiki. Katiba hiyo haikupigiwa kura ya maoni, nasi tukabaki na Katiba ya mwaka 1977.

Mwaka 2015 Mbozi Magharibi ikagawanywa, yakazaliwa majimbo mawili, Tunduma na Momba. Silinde akagombea Momba akashinda. Tunduma akashinda Frank Mwakajoka, naye wa Chadema. Jirani yao, jimbo la Mbozi, akashinda Pascal Haonga, naye wa Chadema. Januari 2016 ukatangazwa mkoa mpya wa Songwe, makao yake makuu Vwawa, na mkoa huo mchanga ukaanza maisha yake ukiwa na majimbo sita yaliyogawanyika nusu kwa nusu: Tunduma, Momba na Mbozi upande mmoja, Vwawa, Ileje na Songwe upande wa CCM. Mikoa ya namna hiyo haikuwa mingi. Mwananchi wa hapa aliweza kupanda basi kutoka Tunduma hadi Vwawa akalinganisha mbunge wa huku na wa kule kwa macho yake.

Alichokosa ni kuwasikia. Mwezi huo huo wa Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja, sababu iliyotolewa ikiwa gharama. Katikati ya mwaka ikafuata amri ya kuzuia mikutano ya hadhara ya vyama, isipokuwa mbunge katika jimbo lake mwenyewe, zuio lililodumu hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa Januari 2023. Basi mama wa sokoni aliyezoea kumwona mbunge wake akisimama na karatasi mkononi akasikia habari zake kwa kusimuliwa. Ukitaka mwajiri amsahau mfanyakazi wake, mzuie asimwone akifanya kazi. Tunadhani jambo hili limeidhuru kazi ya ubunge katika miji midogo kama yetu kuliko yalivyoidhuru magomvi yote ya vyama, ingawa yanazungumzwa zaidi magomvi.

Sasa tufike mwaka 2020, maana hapo ndipo penye fundo.

Ugonjwa wa korona uliingia nchini Machi 2020. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei wabunge watatu walifariki dunia katika muda usiozidi wiki mbili: Mchungaji Gertrude Rwakatare, Richard Ndassa na Balozi Augustine Mahiga, aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Mwenyekiti wa Chadema, Freeman Mbowe, akawataka wabunge wa chama chake wasiingie ukumbini kwa siku 14. Baadhi yao waliingia. Silinde alikuwa mmoja wao. Mwezi huo huo wa Mei, Chadema ikawafukuza uanachama wabunge wanne, naye akiwamo.

Wiki zile zile, hapa kwetu, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya maambukizi mengi kugunduliwa upande wake. Malori yakasimama. Madereva walilala chini ya magari yao, na wenyeji waliwaogopa kama ukoma. Mji unaokula kwa foleni ukawa na foleni isiyosogea. Ndipo tunapoona jinsi jambo la chama na jambo la jimbo yanavyoweza kupishana njiani bila kusalimiana. Dodoma swali kubwa lilikuwa nani ametii chama na nani amekaidi. Tunduma swali kubwa lilikuwa mpaka utafunguliwa lini.

Tuitazame sheria. Ibara ya 67 ya Katiba yetu inataka kila anayegombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa nacho. Ibara ya 71 inasema mbunge atapoteza kiti chake akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa. Tafsiri yake kwa lugha ya nyumbani ni hii: watu wa Momba walipiga kura, lakini ufunguo wa kiti ulibaki ofisi ya chama. Kikao cha watu wachache mjini Dar es Salaam chaweza kuifuta kura ya vijiji vyote vya Momba, na vijiji havina kikao cha namna hiyo.

Tena sheria hiyo haikutumika kwa namna moja. Mwaka 2011 NCCR-Mageuzi ilimvua uanachama David Kafulila wa Kigoma Kusini, naye akaenda mahakamani na kubaki na kiti chake. Julai 2017 CUF, iliyokuwa imegawanyika, iliwafukuza wabunge wanane wa viti maalum. Spika Job Ndugai akakubali, wakatoka, wakaingia wengine. Mei 2020 Chadema ikawafukuza wanne; Spika yule yule, na hawa wakaendelea kukaa hadi Bunge lilipomaliza muda wake mwezi uliofuata. Novemba 2020 Chadema ikawafukuza wanawake 19 walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalum, nao wakaendelea kuwa Bungeni kwa miaka. Ibara ni ile ile. Tunaomba mnaposoma ibara ya 71 katika vikundi mjiulize: iwapo sheria moja inamtoa huyu na kumwacha yule, mwenye kiti ni mwananchi, ni chama, au ni yule aliyekalia kiti cha Spika?

Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilifikisha shauri la mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya tisini. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, na tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikaamua mwaka 2010 kwamba jambo hilo ni la Bunge. Na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Katazo halikuondolewa. Kwa hiyo mbunge wa Momba alipofukuzwa chama mwaka 2020, hata kama angetaka kurudi kwa wapiga kura wake peke yake, akawaambia “mnijue kwa kazi yangu,” mlango huo haukuwapo. Ilimbidi achague chama kingine au aache. Alichagua CCM.

Hapa maoni hutofautiana, na tumeyasikia yote katika jumuiya zetu. Wapo wanaosema aliisaliti kura ya 2015. Wapo wanaosema alifukuzwa, hakuhama, na aliyefukuzwa nyumbani halaumiwi kwa kulala kwa jirani. Sisi twapenda kuweka pembeni maneno mazito na kupima mambo mawili. La kwanza ni la kumtendea haki. Mwaka 2017 na 2018 wabunge kadhaa wa upinzani waliacha viti vyao katikati ya kipindi, wakahamia CCM, kisha wakagombea viti vile vile katika chaguzi ndogo zilizolipiwa na kodi zetu. Kinondoni na Siha zilirudia uchaguzi Februari 2018 kwa sababu hiyo. Silinde hakufanya hivyo. Alimaliza kipindi, akagombea katika uchaguzi mkuu, na hakuna shilingi ya uchaguzi mdogo iliyotumika kwa ajili yake. La pili ni la kuwatendea haki watu wa Momba. Oktoba 2020 hakurudi kwao. Aligombea Tunduma, mji uliokuwa ndani ya jimbo lake la kwanza, akapambana na Mwakajoka wa Chadema. Hivyo waliomchagua 2015 hawakupata nafasi ya kumwambia kwa kura kama wamekubali au wamekataa mabadiliko yake. Hukumu ilitakiwa itolewe na Momba, nayo ikaulizwa Tunduma.

Alitangazwa mshindi. Uchaguzi ule ulipingwa na vyama vya upinzani nchi nzima. CCM ilipata majimbo 256 kati ya 264, na Chadema ikabaki na mbunge mmoja wa kuchaguliwa, Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini, jirani zetu wa Rukwa. Mkoa wetu, uliokuwa nusu kwa nusu, ukawa na rangi moja katika majimbo yote sita. Mtu aliyelala 2015 akaamka 2020 angeikuta sura moja aliyoifahamu, iliyokuwa upande ule na sasa iko upande huu.

Kiti cha Momba alikikalia Condester Sichalwe, dada kijana, na nchi nzima ililijua jina lake Juni 2021. Tungependa kusema lilijulikana kwa sababu ya maji au barabara za Momba. Lilijulikana kwa sababu mbunge mwenzake alilalamikia suruali yake, na Spika akamwamuru atoke ukumbini akavae vizuri. Magazeti yaliandika kwa wiki nzima juu ya nguo ile. Momba yenyewe ilitajwa tu kama anuani.

Desemba 2020 Silinde aliteuliwa Naibu Waziri, Ofisi ya Rais, TAMISEMI, akishughulikia elimu. Februari 2023 akahamishiwa Mifugo na Uvuvi, na Agosti mwaka huo huo Kilimo. Tunduma ikafurahi kuwa na naibu waziri, na furaha hiyo yaeleweka, maana mji wa mpakani huzoea kuwaona wakubwa wakipita tu. Lakini tutazame kilichotokea kwa swali. Ibara ya 55 inataka mawaziri na naibu mawaziri wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge, na anayeteuliwa anabaki mbunge wa jimbo lake. Kwa mkono mmoja anaisimamia Serikali, kwa mkono wa pili yeye ndiye Serikali. Mtu aliyeingia Bungeni mwaka 2010 kuuliza, sasa alisimama kujibu. Mwishoni mwa mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na wizara yake ilihusika. Ni kazi ya kushukuriwa. Watoto waliokuwa wakikaa chini ya miti walipata paa. Je, kama darasa la Tunduma lilijengwa kwa saruji pungufu, mbunge wa Tunduma angemwuliza nani? Angejiuliza mwenyewe.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Aprili 2025 Wizara ya Kilimo, chini ya Waziri Hussein Bashe, ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini yasiingie nchini, kwa kuwa nchi hizo nazo zilikuwa zimeyazuia mazao yetu. Zuio liliondolewa baada ya muda mfupi kufuatia mazungumzo, na yamkini lilikuwa na faida yake katika kutetea mkulima wetu. Hatulipimi hapa. Twasema tu kwamba mji unaoishi kwa mizigo inayovuka mpaka ulikuwa na mbunge ndani ya wizara iliyofunga mlango, na wajibu wake wa kiserikali ulikuwa kuutetea uamuzi ule. Mfanyabiashara wa Tunduma aliyetaka mtu wa kuuliza Bungeni kwa sauti ilimbidi aazime mbunge wa jimbo jingine. Haya hayatokani na ubaya wa mtu. Yeyote angewekwa pale angefungwa na kamba ile ile, naye Japhet Hasunga wa Vwawa, aliyekuwa Waziri wa Kilimo tangu Novemba 2018 hadi 2020, alifungwa nayo kabla yake.

Juu ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, uliofanyika bila Chadema katika karatasi ya kura na kufuatiwa na vurugu na vifo, hatutasema mengi leo. Majeraha ni mabichi, familia bado zinaomboleza, na jambo hilo linastahili siku yake lenyewe. Tumelitaja ili mtu asidhani tumelisahau, na kwa sababu vijana wengi waliokuwa barabarani hawajapata kumwona mbunge wao akiwaulizia swali hata moja. Walizaliwa katika nchi yenye vyama vingi, lakini wamekua katika miaka ambayo swali halionekani.

Baada ya mapumziko tutagawanyika katika vikundi vitano. Kila kikundi kitapewa nakala ya Katiba na kurasa chache za taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, zile ziitwazo Hansard, ambazo Bunge huzichapisha na ambazo mwananchi yeyote aweza kuzisoma. Makatibu wa jumuiya wenye simu zenye intaneti wawasaidie wazee kuzipata. Kila kikundi kisome ibara ya 63, ya 67 na ya 71, kisha kiandike swali moja kwa mbunge wa jimbo lake, la kuulizwa kwa Waziri anayehusika, lenye jina la mahali, mwaka, na kiasi cha fedha kama kinajulikana. Lisizidi sentensi tatu, maana swali refu hupewa jibu refu zaidi. Kikundi cha Tunduma, ninyi ambao mnajua mbunge aliyewahi kuwa naibu waziri, ongezeni kipengele kimoja: mbunge wenu akiwa Serikalini, swali lenu mtalipitisha kwa nani? Majibu yakusanywe na katibu wa Kamati kabla ya saa kumi, kwa kuwa ndugu zetu wa Kamsamba wana safari ndefu.